Mnyoo Aliyeitwa Fulani

Mtu apitaye ufuoni wakati maji yamekupwa huona mchanga mtupu. Huona mistari iliyoachwa na mawimbi, labda na kaa akikimbilia tunduni, na magamba ya kombe yaliyovunjika. Kisha husema moyoni mwake kuwa hapa hapana kitu, akaenda zake. Hajui kuwa kila hatua yake imekanyaga mji. Katikati ya punje na punje za mchanga zimo nafasi ndogo zilizojaa maji, na katika nafasi hizo wanakaa viumbe wengi mno, kila mmoja na njia yake ya kula, ya kujificha na ya kuacha kizazi. Bahari ikijaa huwafunika. Ikipwa huwaachia unyevu kidogo wa kungojea zamu nyingine.

Kwa muda mrefu hata wataalamu hawakuwajali sana. Walitazama samaki, walitazama kaa na konokono, na mchanga waliuona kuwa ni sakafu tu ambayo wanyama hutembea juu yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 Mjerumani mmoja, Adolf Remane, aliyefanya kazi katika mji wa Kiel, alionyesha kuwa mchanga wa bahari una wanyama wake wenyewe, ambao umbo lao limefuata wembamba wa vichochoro wanavyopita. Mwaka 1942 Mwingereza Molly Mare akaunda neno la kuwaita viumbe wa kimo hicho, yaani meiobenthos, maana yake viumbe wadogo zaidi wa sakafu ya bahari.

Miongoni mwa wakazi hao wa mchangani wamo minyoo bapa. Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki akisikia jina hilo hukunja uso, wala si kosa lake, kwa kuwa amefundishwa habari za kichocho na za tegu, nao wote wawili ni minyoo bapa kweli. Lakini katika jamaa kubwa hawi kila mtu mwizi kwa sababu wawili wamekamatwa. Kuna minyoo bapa wengi wasioingia katika mwili wa mtu wala wa mnyama. Hao hutembea peke yao baharini, mitoni na katika udongo wenye maji, wakitafuta riziki yao, na mtu anaweza kuishi miaka 80 asimwone hata mmoja. Habari hizi ni za mmoja wao, ambaye watu walimtazama kila siku kwa miaka mingi kabla hajapata jina.

Kaskazini mwa Bahari ya Adria, katika nchi ya Italia, karibu na mahali ambapo mto Tagliamento unamwaga maji yake, uko mji wa pwani uitwao Lignano. Sehemu moja ya mji huo huitwa Sabbiadoro, na maana yake ni mchanga wa dhahabu. Wakati wa joto watu wengi huja kuoga na kulala juani. Katika miaka ya 1990 walifika watu wa namna nyingine, waliotoka Chuo Kikuu cha Innsbruck katika nchi ya Austria. Hao hawakuja kwa kuoga. Walikuja kuchota mchanga.

Njia ya kumtoa mnyoo mchangani ni ya kufaa kuelezwa, maana mtu akifikiri kuwa atamwona kwa kuchambua punje moja moja atazeeka na ndoo yake. Mchanga huchotwa kwa kijiko au kwa mkono mahali ambapo maji hujaa na kupwa, ukatiwa katika chombo. Kisha humiminiwa maji yaliyoyeyushwa chumvi ya magnesiamu kwa kipimo kinachokaribia ukali wa maji ya bahari. Chumvi hiyo huwalegeza wanyama, wakawa kama waliolala, wakaachia punje walizozishika. Mtu huzungusha chombo taratibu, mchanga ukazama kwa uzito wake, wanyama wakaelea. Naye huwahi kuyamimina maji ya juu katika chekecheo la kitambaa chembamba sana. Kinachobaki katika kitambaa huoshwa kwa maji ya bahari yasiyo na dawa, na baada ya muda mfupi viumbe huamka wakaanza kwenda. Ndipo huangaliwa kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, na atakiwaye hunyonywa kwa mrija mwembamba wa kioo. Kazi hii haitaki mtu hodari wa mwili. Yataka mtu asiyechoka kuinama.

Mwanafunzi akitaka kujua udogo wa mnyoo huyu, na achukue rula yake atazame nafasi kati ya mstari na mstari wa milimita. Mnyoo mzima aliyekomaa hujaza nafasi moja na pengine nusu ya pili. Ni mweupe wa kupenya nuru, kama kipande cha ukucha kilicholoweshwa, hata ndani yake huonekana bila ya kumpasua. Kichwani ana madoa mawili meusi, ndiyo macho yake. Nyuma ya macho kuna kinywa, kisha tumbo ambalo huwa na rangi ya udongo kwa ajili ya chakula alichokula. Mlango wa nyuma hana. Kilichoingia kwa kinywa na kisichofaa hutoka kwa kinywa kile kile. Hana mapafu wala mishipa ya damu, bali huvuta hewa iliyo majini kwa ngozi yake yote. Ngozi hiyo imeota vinyweleo vidogo visivyohesabika ambavyo hupiga maji kama makasia, naye huteleza juu ya punje kana kwamba anasukumwa na upepo. Mwili wake wote umejengwa kwa seli zipatazo 25,000. Hesabu hiyo yaonekana kubwa, lakini tone moja dogo la damu ya mtu lina seli nyingi kuliko hizo mara nyingi sana.

Mkia wake umepanuka kama bapa la kasia, na ndio nanga yake. Wimbi likipiga pwani, kiumbe mwepisi namna ile angechukuliwa mbali asirudi. Yeye hubandika mkia juu ya punje akatulia. Wimbi likipita, huubandua akaenda zake, na kubandika na kubandua huchukua muda usiozidi kupepesa macho. Mkiani mna viungo vidogo vya kunatia vipatavyo 130. Mwaka 1976 Seth Tyler, mtaalamu wa Marekani, aliandika kuwa viungo vya namna hiyo vina tezi mbili zilizokaa pamoja, moja ya kutoa gundi, na ya pili alidhani ni ya kuiachisha. Fundi seremala yeyote atakubali kuwa gundi ya kushika katika maji ya chumvi ni ajabu, na gundi ya kushika na kuachia upendavyo ni ajabu mara mbili.

Lakini si mkia uliowafanya watu wa Innsbruck wamchukue mnyoo huyu kuvuka milima ya Alps mpaka mjini kwao, ambako hakuna bahari, ila theluji juu ya vilele na mto wa maji baridi. Sababu ilikuwa nyingine. Mnyoo huyu akikatwa nyuma ya koo hafi. Jeraha hufunga, na sehemu iliyopotea huota tena, mkia kwa mkia, gundi kwa gundi. Ila ubongo wake na koo lake havina budi kubaki. Kipande kisicho na hivyo hufa. Ndani ya mwili wake zimo seli za akiba ambazo bado hazijachagua kazi, nazo huitwa zikawa ngozi, au msuli, au kitu kingine kinachohitajiwa. Mtu aliyepoteza kidole kwa shoka atafahamu mara moja kwa nini waganga na wataalamu walitaka kumjua kiumbe mwenye uwezo huo.

Tena alikuwa mwepesi wa kufugwa. Walimtengenezea maji ya bahari kwa kuyeyusha chumvi zinazohusika. Walimwekea katika vibakuli vya kioo mimea midogo ya baharini isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo chakula chake, wakamwasha taa mchana na kumzimia usiku. Naye akazaa. Yai huanguliwa baada ya siku kama 5, na kitoto hukomaa katika wiki mbili au tatu. Hivyo katika mji wa milimani kilikua kizazi juu ya kizazi cha wanyoo wa pwani, wasioijua pwani.

Walichokosa ni jina. Ukoo wake ulijulikana, kwa maana umbo la kinywa na la mwili lilionyesha wazi kuwa ni wa ukoo wa Macrostomum, ambao Mjerumani Oscar Schmidt aliupa jina mwaka 1848. Neno hilo limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni kinywa kikubwa. Lakini ukoo huo una aina zaidi ya 100, na huyu alikuwa yupi? Wataalamu wasipojua aina ya mnyama, au wasipotaka kusema bado, huandika jina la ukoo kisha herufi mbili za mkato zenye maana ya "aina fulani". Mwaka 2000 ilitolewa habari ndefu ya zile seli za akiba, na kichwani mwake mnyoo ameandikwa hivyo hivyo, Macrostomum Fulani. Wakati huo alikuwa amekwisha kukatwa, kupigwa rangi, kupimwa na kuhesabiwa seli, na mambo ya ndani yake yalijulikana kuliko ya wanyama wengi wenye majina mazuri. Huenda hapana Fulani mwingine duniani aliyejulikana kwa namna hiyo.

Msomaji anaweza kuuliza, kwani kuna taabu gani? Mnyoo ni yule yule, aitwe au asiitwe. Taabu yaonekana mara mtu wa nchi nyingine anapoandika barua akisema, "Nami nimepata Macrostomum Fulani katika mchanga wa kwetu, lakini nimemkata, hakuota mkia." Je, wa kwanza alikosea? Au wa pili? Au hawa ni wanyoo wawili mbalimbali, na watu hawa wawili wanabishana kama vipofu, mmoja ameshika mbuzi na mwingine kondoo? Neno Fulani haliwezi kuamua shauri hilo.

Na jina lisilo sawa ni baya kuliko kukosa jina. Jambo hilo limepata kutokea. Katika Ufaransa, pwani ya Brittany, pana kijiji cha Roscoff, ambako maji yakipwa huonekana madoa ya kijani juu ya mchanga kama rangi iliyomwagika. Ukikanyaga karibu, madoa hutoweka, kwa kuwa si rangi bali ni minyoo midogo maelfu kwa maelfu, nayo hujizamisha mchangani. Mskoti Patrick Geddes aliwatazama, na mwaka 1879 akatangaza jambo la kushangaza, kuwa juani minyoo hao hutoa oksijeni kama yatoavyo majani ya miti. Alisema kweli, maana katika miili yao wamo mimea midogo ya kijani inayowalisha. Lakini jina alilowaita lilikuwa la mnyoo mwingine, aliyekwisha kuandikwa na Oscar Schmidt yule yule. Basi kwa miaka kadhaa sifa ya mmoja iliandikwa katika hesabu ya mwingine, hata mwaka 1891 Ludwig von Graff, mwalimu mkuu wa elimu ya wanyama katika mji wa Graz, alipopambanua akasema kuwa mnyoo wa Roscoff ni aina mbali, akamwita kwa jina la kijiji chake. Tangu wakati huo ukoo wake umebadilishwa, na mwaka 1999 ikaonyeshwa kuwa yeye na jamaa zake si minyoo bapa hasa ingawa wanafanana nao. Lakini lile jina la pili, la kijiji, halikung'oka. Mtu yeyote aendaye Roscoff maji yakipwa aweza kuwaona wale wale aliowataja Graff.

Ndiyo kazi ya jina katika elimu hii. Si heshima apewayo mnyoo, maana mnyoo haitiki. Ni ahadi kwa mtu asiyezaliwa bado, kuwa akitaka kumwona kiumbe aliyetajwa, ataweza kumpata na kumjua kuwa ni huyo. Sheria za majina huhesabiwa tangu kitabu cha Msweden Carl Linnaeus kilichochapishwa upya mwaka 1758. Jina ni maneno mawili, la kwanza la ukoo na la pili la aina yenyewe. Anayelitoa hana budi kulichapisha mahali ambapo watu wote waweza kulisoma, aeleze kwa maneno mnyama huyo anavyotofautiana na jamaa zake, ataje mahali alipopatikana, na aweke mmoja awe kielelezo. Kielelezo hicho hutunzwa katika nyumba ya makumbusho, ili ukitokea ubishi miaka 100 baadaye, watu wafungue kabati na kukitazama.

Hapo ndipo kazi ya minyoo bapa inapokuwa ngumu kuliko ya wengine. Mwenye kuandika aina mpya ya kipepeo humchoma pini, na mbawa zake zitakaa miaka na miaka zikiwa na rangi. Mwenye kuandika konokono ana gamba. Lakini mnyoo wa mchangani ni kama tone la uji. Ukimtia katika kileo cha kuhifadhia, hujikunja akawa kidonge; macho hufifia, nuru haipenyi tena, na zile alama za kumtambua zinapotea. Aliyekufa ni wa kumkata vipande vyembamba na kuvitia rangi, navyo vina faida yake, lakini havionyeshi jinsi alivyokuwa. Mwenye kutaka kumjua hana budi kumtazama yu hai.

Naye huja chini ya kioo kwa muda mfupi tu. Huwekwa katika tone la maji juu ya kipande cha kioo, akafunikwa kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu. Mtu huchukua ncha ya karatasi akaigusisha ukingoni, maji yakanyonywa kidogo kidogo, na kile kioo cha juu kikashuka. Mnyoo hubanwa, hupanuka, hutulia. Sasa kila kitu kinaonekana, na hasa kisindano kigumu kilichomo sehemu ya nyuma. Katika ukoo huu kila mmoja ni dume na jike pia, na kisindano hicho ni kiungo cha uzazi. Umbo lake ni kama ufunguo, maana aina mbili zinaweza kufanana kwa macho, kwa mkia na kwa mwendo, lakini kisindano cha moja kikanyooka na cha nyingine kikapinda. Kisindano cha huyu wa Lignano kimepinda kidogo. Mwenye kutazama ana dakika chache za kupima na kuchora. Karatasi ikinyonya maji kidogo kupita kadiri, kioo humponda mnyoo, seli zikamwagika, na alichokuwa akikichora hakipo tena duniani.

Watu wa zamani walishindana na dakika hizo kwa penseli. Graff huyo huyo alitoa mwaka 1882 kitabu kikubwa cha minyoo hawa, chenye picha zilizochorwa kwa mkono, nazo ni nzuri kweli. Lakini picha ya mkono ni ushuhuda wa mtu mmoja. Alichokiona kimechorwa, na kile alichokipita kwa haraka hakimo, wala hapana wa kumwuliza. Aina nyingi za minyoo ziliandikwa zamani kwa mchoro mmoja mdogo na maneno machache, na leo hapana awezaye kusema kwa hakika zilikuwa wanyama gani. Majina yamo vitabuni kama makaburi yasiyo na mtu ndani.

Kwa hiyo wataalamu wanne waliojipa kazi ya kumtoa Fulani katika ufulani wake hawakutosheka na mchoro. Walikuwa Peter Ladurner, Lukas Schärer, Willi Salvenmoser na Reinhard Rieger. Walimpiga mnyoo picha akiwa hai, tena si picha moja bali mfululizo wa picha zinazokwenda, kioo kikishuka taratibu, ili mtu mwingine atazame kiungo kile kile kwa macho yake mwenyewe na kukitazama tena apendapo, kana kwamba ameketi kwenye hadubini yao. Picha hizo ziliwekwa pamoja na vielelezo. Mwaka 2005 habari yao ikachapishwa, na katika kichwa chake walitaja mambo mawili kwa pamoja, mnyoo mpya na njia mpya ya kumshuhudia. Jina walilompa ni Macrostomum lignano. Hawakumwita kwa jina la mfalme wala la tajiri, bali kwa mji ambao mchanga wake ulimtoa, nao uliandikwa vile vile unavyotamkwa na wenyeji wake. Rieger, aliyekuwa ametumia maisha yake juu ya viumbe wa mchangani, alifariki mwaka uliofuata, 2006.

Jina likaanza kufanya kazi. Mnyoo alipelekwa katika nyumba za utafiti za nchi nyingine, Uswisi, Uholanzi, Marekani, na kila aandikaye habari zake alitumia maneno yale yale mawili, wala hapakuwa na haja ya kuuliza, "Huyo wako ni yupi?" Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walichapisha maandishi ya urithi wake, yaani yale maagizo yaliyomo ndani ya seli. Kazi ilikuwa ya taabu, kwa kuwa maagizo hayo yamejaa maneno yaliyorudiwarudiwa, kama barua ya mtu aliyesahau kuwa amekwisha kusema. Mwaka uliofuata yakatokea mengine yasiyotazamiwa. Kwa kawaida mnyoo huyu ana kromosomu 8 katika seli, lakini miongoni mwa waliofugwa walipatikana wenye 9 na wenye 10. Je, ni mnyoo yule yule? Swali hilo lisingekuwa na maana kama pasingekuwa na kipimo cha kulipimia. Sasa kilikuwapo. Watu waliweza kurudi kwenye maneno na picha za mwaka 2005 wakalinganisha.

Tena mwaka 2020 ilichapishwa habari ya ndugu yake wa karibu, Macrostomum janickei, ambaye naye alihitaji jicho la uangalifu kumpambanua. Kama yule wa kwanza angebaki Fulani, huyu wa pili angeingia nyumba moja naye, na watu wangewahesabu kuwa ni mmoja.

Wala mchanga wa Adria si mchanga wa pekee. Mwaka 1989 wataalamu wawili waliandika habari za minyoo bapa wa pwani ya Kenya, wale ambao wana pua ya kuchomoza mbele na kunyakulia windo, na katika hao walikuwamo wasiopata kuandikwa kabla. Pwani ya Afrika ya Mashariki ni ndefu, na maji yake hupwa mbali kuliko ya Lignano. Kule Adria kaskazini tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita moja, na hiyo huhesabiwa kuwa kubwa kwa bahari za upande ule; huku wakati wa bamvua hupita mita tatu mahali pengi, na mchanga ukabaki wazi mpaka karibu na mwamba. Wanawake hupita hapo na vikapu wakitafuta pweza na chaza, na watoto hucheza mpira hata maji yanaporudi. Chini ya nyayo zao, milimita chache tu, kiumbe mweupe wa kupenya nuru hubandika mkia wake juu ya punje, akangoja.